Bei ya Landrova ya Baba

Kaloleni, Arusha
Jumapili

Mama yangu,

Asalaam aleikum, na shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute umekaa uani penye jua la asubuhi, na kile kifua kilichokubana siku za msiba kiwe kimelegea. Bibi bado yuko nawe, au amesharudi kwake? Saumu anakuchotea maji, au akitumwa kisimani anapitiliza kwenda kucheza? Najua eda inakuzuia kutoka, kwa hiyo mambo yote ya nje unaletewa na watu. Hili nataka ulipate kwangu. Tafadhali lisome mwenyewe, usimpe Saumu akusomee kwa sauti, maana yule jirani yetu ana masikio marefu.

Sisi huku ni wazima. Baridi imeingia, na Mlima Meru umejifunika mawingu wiki nzima. Shuleni tunakaribia mitihani ya muhula. Nilitaka kukueleza habari za masomo kwanza, lakini mkono unakataa. Mama, nina hofu, na ni juu ya gari la baba.

Tuliporudi kutoka mazishini huko Kondoa, mimi na Baba mdogo tulilikuta pale pale baba alipoliacha, hapa uani kwa Baba mdogo, limeegeshwa kinyumenyume kama alivyopenda. Hakuna aliyeligusa. Mama mdogo alilifunika turubai, na kuku mmoja akaanza kutagia chini yake. Baada ya kisomo cha arobaini, Baba mdogo alimwita Sheikh wa msikiti wetu aje atueleze mirathi. Sheikh akasema kwamba kwa kuwa baba hakuacha mtoto wa kiume, wewe unapata thumuni, yaani moja ya nane, mimi na Saumu theluthi mbili, na kinachobaki ni cha Baba mdogo kwa sababu ni ndugu yake. Shamba na nyumba ni vya huko, vitatazamwa ukimaliza eda. Huku kuna gari tu, na gari halikatwi vipande. Baba mdogo akasema atalichukua yeye, kisha atulipe sisi mafungu yetu kwa fedha, kulingana na bei yake.

“Sawa,” Sheikh akasema. “Ila kwanza itafutwe bei ya haki. Ramadhani, wewe una watu mjini, itafute, tukutane tena Ijumaa.”

Hapo ndipo hofu yangu ilipoanza. Mnunuzi ndiye aliyetumwa kutafuta bei! Gari likionekana rahisi, yeye anatulipa kidogo. Lakini ningesemaje? Mimi ninakula kwa Baba mdogo, ninalala kwake, na sare niliyovaa alinishonea yeye baada ya baba kufa. Yeye si mtu mbaya, mama. Angekuwa mbaya ningejua la kufikiri. Kwa kuwa si mbaya, nilikuwa naamka nikimwogopa na kumwonea aibu kwa pamoja.

Jumatatu akaja na dalali mmoja wa stendi. Wanamwita Msomi, kwa sababu ya miwani. Alitoa turubai, akamfukuza kuku, akalizunguka gari huku akigonga bodi kwa kidole.

“Mzee Ramadhani, hapa huna gari. Una sufuria,” akasema. “Bodi hii ni aluminiamu tupu. Ukiiyeyusha, Kaloleni nzima itapika wali.”

“Na wewe tutakupikia kwenye ipi?” Mama mdogo akamwuliza kutoka jikoni.

“Mama, usinikasirikie, ni soko. Zamani kupata gari kulitaka kibali, sasa milango imefunguliwa. Magari ya Kijapani yanashuka bandarini kama mitumba. Kiti laini, redio inaimba, dirisha unalipandisha bila kutoka jasho. Hili lilibeba walowezi wa kahawa kabla sijazaliwa! Laki mbili. Na hiyo ni kwa heshima ya marehemu.”

Mama, laki mbili, kwa gari lililonisomesha. Nilikuwa naosha vyombo nyuma ya ua wa mabati, na walipofika getini nikamsikia Msomi akipunguza sauti.

“Ukishalichukua, nishtue. Kuna Mzungu wa utalii anatafuta la zamani kama hili, lenye injini yake ile ile. Wageni wake wanapenda kupanda humo na kupiga picha.”

“Anatoa ngapi?” Baba mdogo akauliza.

“Wewe lichukue kwanza.”

Baba mdogo akashika komeo la geti. Kisha akasema, “Nitafikiri.” Mimi nilibaki nimeshika sahani moja, naisugua, naisugua tena.

Jioni nilijikaza nikamwambia, “Baba mdogo, si tuwaulize na waliolijua gari?” Nilidhani atanifokea. Akaniangalia, akasema, “Kesho ukitoka shule usivue viatu, twende.” Kwa hiyo sijui, mama. Mtu aliyekusudia kudhulumu angekubali?

Tulienda Elerai kwa fundi Eliakimu, aliyelitengeneza gari la baba miaka yote. Alipotuona alivua kofia, akatupa pole, akafuta benchi kwa kitambaa tukae. Lakini Baba mdogo alipotaja bei, akarudi nyuma.

“Hapana, hapana. Juma alikuwa ndugu yangu. Nikitaja bei itakuwa nimemtia sokoni. Kulitengeneza nitalitengeneza, bure. Bei muulizeni mwingine.”

“Fundi, kisia tu,” Baba mdogo akasema.

“Ramadhani, usinitie majaribuni.”

Tukapanda basi hadi Maji ya Chai, kwa yule mama Mmeru ambaye baba alimbebea ndizi kutoka mlimani. Unamfahamu, Mama Ndeshi, aliyekuletea mkungu ulipokuja kunitembelea. Alilia aliposikia, akatulazimisha tule ndizi na nyama, akasimulia jinsi baba alivyokuwa akipanda kule juu msimu wa mvua wakati malori yote yamelala. Nilifurahi, nikadhani sasa atasema. Baba mdogo akamwuliza, “Basi mama, gari kama hilo mtu akilinunua, alinunue kwa kiasi gani?”

Akasimama na sahani mkononi. “Mwenzenu hajapoa kaburini, nyinyi mmeshafika kwenye bei? Kuleni.”

Njiani kurudi Baba mdogo akaniambia, bila hasira, “Umeona mwenyewe. Hakuna aliyetaja bei nyingine.” Na ni kweli. Wote waliolijua gari lile walimheshimu baba mno, wakafunga midomo yao. Aliyebaki na neno ni yule asiyemjua, na neno lake ni laki mbili. Najua hata wewe, mama, ungenyamaza. Salamu ulizonitumia baada ya msiba zilisema nisibishane na wakubwa kwa ajili ya mali ya marehemu, watu watasema tunamgombania. Nimezikumbuka sana salamu hizo. Naomba unisamehe kwa ninachokwenda kukueleza.

Ijumaa baada ya sala Sheikh alikuja. Tulikaa sebuleni, mimi mlangoni na Mama mdogo. Baba mdogo akasema amezunguka, na bei iliyopatikana ni laki mbili. Sheikh akaniuliza, kama desturi tu, “Binti, wewe ni mrithi na unamwakilisha mama yako. Una neno?”

Nilishika fremu ya mlango. Sikutaka kusema habari za yule Mzungu, maana ingekuwa kumwita Baba mdogo mwongo nyumbani kwake, mbele ya Sheikh. Nikasema, “Nyumbani, mimi na Saumu tukigombea muwa, mama humwambia anayekata achague mwisho.”

“Kwa hiyo mimi ni mgomvi wa muwa?” Baba mdogo akasema.

“Mwache mtoto amalize,” Mama mdogo akadakia.

“Una maana gani?” Sheikh akauliza.

“Baba mdogo ataje bei yeye mwenyewe, yoyote anayoona ni ya haki. Kisha mama achague. Akipenda, gari libaki kwetu, na sisi tumlipe Baba mdogo fungu lake kwa bei hiyo. Asipopenda, Baba mdogo alichukue, atulipe sisi kwa bei hiyo hiyo.”

“Na mama yako atapata wapi fedha za kunilipa mimi?”

Mama, sijui nilipata wapi ulimi. Nikasema, “Kwa laki mbili, Baba mdogo, fungu lako halizidi mbuzi wachache. Mama atauza mbuzi.”

Baba mdogo alinitazama kama mtu aliyenikuta njiani kwa mara ya kwanza.

“Nani amekutuma? Mama yako?”

“Hapana, baba. Hajui chochote.”

Sheikh alishika ndevu zake, akafikiri, kisha akasema warithi wakiridhiana kwa hiari yao, hakuna ubaya wowote. Ila wewe, mama, usibanwe. Ukilichagua gari, ulipe kidogo kidogo baada ya mavuno ya alizeti, au kutokana na kazi ya gari lenyewe. “Umeridhika, Ramadhani?”

“Nipeni nafasi,” akasema, akatoka.

Tulimsikia akivuta turubai. Mlango wa gari ukafunguka kwa ule mlio wake. Kisha injini ikawaka, mama. Ilikataa mara ya kwanza, ikakohoa, ikawaka. Tangu baba alipofariki hakuna aliyeiwasha. Mama mdogo akaweka mtandio mdomoni. Mimi nilidhani analiondoa, anakwenda nalo, na sitaliona tena. Lakini liliendelea kunguruma pale pale, muda mrefu, kisha likazimika.

Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Hakukaa. “Milioni moja na laki nane,” akasema. “Yule dalali alinidokeza kuna mtu analitaka. Sikuwaambia. Nilikuwa bado nafikiri.”

Sheikh akasema, “Basi umeshafikiri.”

Ungedhani hapo hofu ingeniisha, lakini iligeuka tu upande. Ijumaa ile na jana yote Baba mdogo hakunisemesha. Nikimpelekea maji ya kunawa, ananawa, anashukuru, basi. Jana Mama mdogo aliniita jikoni akaniambia jambo ambalo sikulijua: kiwanda anachofanyia kazi Baba mdogo kinauzwa kwa mtu binafsi, na wanapunguza watu. Jina lake halijatoka, lakini ya jirani zake wawili kwenye mashine yametoka. Alitaka gari ili akiachishwa apate pa kushika. “Hakutaka mjue,” Mama mdogo akasema. “Mwanamume akiogopa hanyamazi vizuri kama sisi, anaharibu.” Nilijisikia vibaya sana. Siku zote hizo nilikuwa namwogopa, kumbe naye katika chumba cha pili anaogopa.

Leo asubuhi akaniita uani. Nilijua ananirudisha Kondoa. Nilikuwa nimeshahesabu moyoni vitabu vya kurudisha shuleni.

“Umemwandikia mama yako?”

“Bado, Baba mdogo.”

“Mwandikie. Mweleze yote, hata lile la dalali. Lakini usimshawishi, upande wangu wala wako. Bei nimeitaja mimi, kuchagua ni kwake.” Kisha akatia mkono mfukoni, akanipa ufunguo wa gari. “Kaa nao wewe mpaka shemeji ajibu. Mtu asije akasema nililitumia kabla.”

Nikamwambia naogopa kuupoteza.

“Hata mimi naogopa,” akasema. “Ndiyo maana nakupa.”

Kwa hiyo, mama, sikuambii ninachokitaka, ingawa ninacho. Nikikuambia nitakuwa nimekata na kuchagua pia. Ukisema gari libaki kwetu, fundi Eliakimu yuko tayari kulitengeneza, na itabidi umtafute dereva mwaminifu. Ukisema Baba mdogo alichukue, fedha zetu zitatosha ada yangu na ya Saumu, na atakuletea mwenyewe. Bei ni ile ile kwa pande zote mbili. Sijui kama itaturudia nafasi nyingine ya kupimiwa sawasawa, kwa hiyo usiharakishe, lakini pia usikawie sana. Ufunguo nimeufunga kwenye uzi na kuuvaa shingoni ndani ya sare. Mwalimu wa zamu hukagua Jumatatu, na mikufu hairuhusiwi. Akiuona nitamweleza ukweli, na nadhani atanielewa.

Barua hii nampa kondakta wa basi la Kondoa, yule aliyekataa nauli yetu siku ya msiba. Jibu mpe huyo huyo.

Nisalimie bibi, mama yako, umwambie dawa ya mgongo nitamletea likizo. Nisalimie mjomba anayekulimia shamba, na yule mama wa nyumba ya pili anayekuja kukusomea Kurani jioni. Saumu mwambie asome, na asiingie chumbani kwa baba kuchezea kofia zake. Mama mdogo anakusalimu sana. Baba mdogo pia anakusalimu. Amesema niandike hivyo hivyo, bila kuongeza.

Ni mimi mwanao, nangojea neno lako,

Rehema