Benchi la Stesheni

Kilosa, 3 Juni 1974

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, hofu ni kwako tu na kifua chako. Habari za Zombo?

Nimetengeneza kitu, usinicheke. Ni kisanduku cha vipuri vya redio mbovu na waya wa shaba. Nimekifunga chini ya benchi la stesheni: wanaokaa pamoja, kila mmoja anahisi yaliyo moyoni mwa mwenzake. Juzi nilikaa na mama nisiyemjua, nikashikwa na majonzi mpaka nikalia. Kumbe ametoka kuzika. Nikamnunulia chai.

Bwana mmoja wa ofisi ya wilaya amekipenda. Anataka nitengeneze kingine, tukilete huko kwenye mkutano wa kuhamia kijiji kipya, watu waionje furaha kwa pamoja.

Mwanao,
Cleopa

Zombo, 11 Juni 1974

Mwanangu Cleopa,

Marahaba. Kifua kimepoa, namshukuru Mungu.

Usikilete. Huku tukiulizwa kuhusu kuhama, tunapiga makofi. Mimi napiga kwa nguvu huku natazama kaburi la baba yako. Makofi ndiyo yanayotulinda. Ukituunganisha kwa waya wako, tutajificha wapi? Naogopa, mwanangu. Mwambie kimeharibika.

Mama yako,
Fausta

Kilosa, 16 Juni 1974

Mama,

Shikamoo. Nilimwambia hivyo, na kwa ujinga wangu nilimwambia tukiwa tumekaa benchini. Akanitazama, akacheka tu. Tunakuja Jumamosi. Huko hakuna benchi, watu watashika waya mmoja; wewe usiushike, sema mkono unauma.

Mwanao,
Cleopa

Kilosa, 9 Julai 1974

Mwanangu Cleopa,

Sijui kama u mzima. Hofu yote ni kwako.

Tangu wakuchukue pale mkutanini sijapata neno. Zombo hawakulaumu. Tuliposhika waya, maana nami niliushika, woga ulitupitia sote, na Mwenyekiti Hezekia, anayeanzishaga makofi, ndiye aliyeuachia kwanza. Siku ile hakuna aliyepiga makofi. Hilo ndilo kosa lako.

Leo nimekuja kukutafuta. Nilipochoka nikakaa kwenye benchi lako. Akaja dereva wa gari lililokuchukua, akaniambia shikamoo mama, akakaa. Nikamwuliza habari zako.

"Cleopa hajambo, mama. Anakula vizuri."

Alisema kwa upole. Lakini kutoka kwake ulinijia woga mtupu. Nikasema asante, baba. Akainuka upesi, analia, wala hajui kwa nini.

Barua hii naipitisha chini ya mlango wa chumba chako. Niandikie, hata mstari mmoja.

Mama yako,
Fausta