Uso wa Mama kwa Nukta

Jumatatu, 10 Desemba 2001
Nimefagia duka, nimejaza karatasi kwenye mashine ya fotokopi, nimefuta vumbi kwenye printa. Kazi zilezile za kila likizo kwa Mjomba Deo. Mchana amepita mtu wa Matombo, kijijini kwa Bibi, na salamu zake. Jicho lake la kulia limekufa kabisa. La kushoto linafuata. Ni presha ya macho. Daktari alishasema haina tiba ya kurudisha kilichopotea. Bibi anataka kitu kimoja: amwone tena mama yangu, mwanawe Theresia, kabla hajaingia gizani. Picha ya marehemu Mama tunayo moja tu. Ya pasipoti, nyeusi na nyeupe, ndogo kama kiberiti. Nimemwomba Mjomba tuikuze. Mama alikuwa dada yake. Amesema sawa.

Jumatano, 12 Desemba
Umeme umerudi mchana. Tumeingiza picha kwenye kompyuta. Wino wa rangi umekwisha, umebaki mweusi tu. Mjomba amenieleza: mashine haina kijivu. Inatawanya nukta nyeusi, na jicho la mtu ndilo linalozichanganya na weupe wa karatasi. Nukta zikiwa chache kwa kila inchi, kijivu hakitoshi. Nimechapa kwa namba ya chini kabisa ya nukta nione. Paji la uso jeupe kama sahani. Macho mashimo meusi. Shavu limekatika katikati. Sikuipenda. Nimeichana.

Ijumaa, 14 Desemba
Nimepandisha mpaka namba ya juu kabisa. Nilidhani namba ikiwa kubwa uso utakuwa safi. Karatasi ya kawaida imekunywa wino, nukta zimevimba zikashikana. Nywele, shingo, blauzi, vyote kitu kimoja. Karatasi imelowa na kujikunja. Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri fotokopi akachungulia.
"Binti, hiyo mashine inachapa picha au inapaka masizi?"
"Inakaanga kahawa, mzee wangu," Mjomba akamjibu. "Vuta subira, yako inakuja."
Wakacheka. Mimi sikucheka. Ni mama yangu.

Jumamosi, 15 Desemba
Mjomba ametoa karatasi ya picha, ile inayong'aa. Moja tu, ilibaki kwenye kazi ya harusi. Zamani, kabla ya kuajiriwa kwenye kiwanda ambacho baadaye kiliuzwa naye akapunguzwa kazi, alikuwa msaidizi wa studio ya picha. Kule picha ya marehemu ilikuwa lazima ilainishwe. Kumwachia vivuli vikali usoni ni kumkosea heshima. Nami nimeona ni sawa. Tumeweka namba ya juu, tumepunguza ukali wa weusi na weupe. Imetoka polepole, ukanda kwa ukanda. Nukta hazionekani hata kwa lenzi. Kijivu kinaingia ndani ya kijivu. Shavu la Mama lina mviringo. Chini ya jicho kuna kidoti ambacho sikuwahi kukijua. Mjomba ametoka nje, amekaa huko. Nimefurahi sana. Bibi atamwona.

Jumanne, 18 Desemba. Matombo
Mvua. Gari limekwama, tumeshuka kusukuma. Picha niliifunga kwenye nailoni, nikaificha kifuani. Nimempa Bibi shikamoo. Ameitikia akiangalia pembeni yangu. Tumeenda mlangoni penye mwanga. Ameisogeza picha kwenye jicho, ameigeuza huku na huku.
"Mjukuu wangu, hapa pana nini? Naona ukungu."
Nimeshika kidole chake nikamwonyesha. Hapa jicho, Bibi. Hapa mdomo.
"Ukungu," amesema tena. Halafu akanipa pole mimi.
Nimeelewa nikiwa nimechelewa. Jicho lake haliwezi tena kutenga kijivu na kijivu. Anaona mlango, haoni mtu aliyesimama kivulini. Tumemlainisha Mama mpaka akapotea. Tuliita heshima. Najilaumu.

Alhamisi, 20 Desemba
Nimerudi mjini. Nimechapa upya kwa namba ya chini, karatasi ya kawaida, ukali mpaka mwisho. Mashimo meusi, paji jeupe. Kidoti hakipo. Mviringo haupo. Mjomba ameitazama.
"Huyu si Theresia."
"Ndiye atakayeonekana, Mjomba."
Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia.

Jumapili, 23 Desemba. Matombo
Baada ya misa. Bibi ameiona! Amepeleka kidole mwenyewe: jicho, jicho, mdomo.
"Naona mtu. Msichana. Ni nani huyu, rafiki yako wa shule?"
"Ni Mama, Bibi. Ni Theresia."
Amerudia kutazama. Amekaza jicho mpaka likatoa machozi.
"Theresia hakuwa hivi."
Hakusema kwa ubaya. Ameikunja na kunirudishia.
Picha yenye Mama, haioni. Picha anayoiona, Mama hayumo. Labda ipo namba katikati. Nitaitafuta. Lakini jicho lake halinisubiri, najua.

Alhamisi, 3 Januari 2002
Nimejaribu namba za katikati mpaka wino umekwisha. Moja imekaribia. Vivuli vinashika, na shavu bado ni la Mama. Nilikuwa naikausha dirishani alipofika yule mtu wa Matombo. Bibi haoni tena. Ameamka asubuhi akauliza mbona hakujakucha.
Nimeacha karatasi dirishani. Sijalia. Sina hata hamu ya kulia.

Jumapili, 6 Januari
Nimepiga pasi sare. Kesho shule inafunguliwa. Mawingu yamefunika milima tangu asubuhi. Jioni Mjomba alikuwa anachapa matangazo ya jumuiya, kompyuta ikasema nafasi ya kuhifadhi imejaa. Ameniuliza kama tufute uso wa Mama.
Nimesema usifute.
Amefuta barua za wateja.