Daraja la Mzee Ernst

Jumatatu, 3 Novemba
Asubuhi zamu yangu ya kutunza wazee huku ughaibuni, mtaa wa Hallonbergen, kwa Mzee Ernst. Uji, dawa, kunyoa ndevu. Kapita miaka mia na bado anataka anyolewe kama anakwenda gwaride. Alikuwa afisa wa Kijerumani, askari wa miguu, vita vile vikubwa vya pili. Nishani yake ipo ukutani. Binti yake Birgitta, naye bibi tayari, kila akija anaifuta vumbi na kunihadithia: baba alishikilia daraja mpaka askari wake wote wakavuka. Nimeisikia hadi naiota.

Alhamisi, 6 Novemba
Mzee hali chakula. Daktari kasema ni uzee tu, aachwe apumzike. Nikampigia soga asikae na mawazo. Nikamhadithia mazishi ya kwetu Tanga, shehe anavyosimama mbele ya jeneza kuuliza, mnamsamehe marehemu? Watu wanaitikia, tumemsamehe. Akaniuliza, na kama aliowakosea hawapo? Nikaenda kuchemsha chai. Mimi Zuhura, nisiyeishiwa la kusema!

Ijumaa, 7 Novemba
Leo kasema mwenyewe, namkata kucha. Daraja alililipua yeye. Askari wake walishavuka, kweli. Lakini wanakijiji walikuwa bado juu yake, na mikokoteni, na watoto. Adui yuko nyuma yao. Akatoa amri. Kwa hilo akapewa nishani, na cheo juu. Akapigana mpaka mwisho, akafungwa, akaja huku, akaoa. Birgitta hajui. Nikamwambia amwambie. Anaogopa. Mtu wa nishani! Nimemchukia. Halafu nikamalizia kucha.

Jumapili, 9 Novemba
Devota, jirani yangu Mrundi hapa Husby, kaja na ndizi. Chai vikombe viwili, sijatoa habari hata moja. Akanishika paji la uso. "Dada, unaumwa?" Nikacheka. Ndani linanichoma. Umbeya wote niliowahi kuubeba, huu ndio mzito, na si wangu.

Jumanne, 11 Novemba
Kamwambia. Birgitta alikuwa anaifuta ile nishani, mzee akamwambia aiache, akae. Nikataka kutoka, akasema nibaki. Kasema yote, polepole. Mwisho: "Siku ya kunizika, ukisoma maisha yangu kanisani, lisome na hilo."
Birgitta akanigeukia. "Ni wewe uliyemtia haya kichwani."
Nikasema ndiyo, nilimhadithia ya kwetu. Akavaa koti akaondoka. Mzee kalia. Nikamfuta uso. Msamaha sina wa kumpa, sikuwa darajani mimi.

Alhamisi, 13 Novemba
Kafa alfajiri. Birgitta hakumuwahi.
Huku maiti anangoja wiki na wiki. Kwetu angekuwa kaburini kabla ya jioni. Sijui yule mama ataamua nini. Ni yeye tu wa kusoma.

Ijumaa, 5 Desemba
Tumemzika. Kanisani tulikuwa wachache. Birgitta kasimama kusoma maisha ya baba yake. Alipozaliwa, jeshi, vyeo. Akafika darajani. Askari walivuka, kasema. Nikaangalia viatu vyangu. Kisha akasema ni nani walikuwa bado juu yake, na nani aliyetoa amri. Mwanamume mmoja akainuka akatoka.
Hakuna aliyeulizwa kama anasamehe. Hakuna aliyeitikia.
Akamaliza, akakunja karatasi. Kiti chake kilikuwa mbele, akakipita, akaja kukaa benchi langu. Nikasogea kidogo apate nafasi.