Tuta la Bwawa la Tatu

Jumatatu, 3 Machi 2025
Mvua imenyesha usiku kucha. Asubuhi nimefika kazini, kwenye mabwawa ya majitaka, nimekuta tuta la bwawa la tatu limekatika. Majitaka ya mji mzima yanapita pale bila kutulia, moja kwa moja hadi mtoni. Nilisimama nikayatazama. Nilitegemea nitashtuka — wapi.

Nikampigia meneja wetu, Sostenes. Kasema kitaletwa kijiko, ule mtambo wa kuchimbia, kuziba. Nisiende kuwatia watu hofu.

Jumatano, 5 Machi
Kijiko hakijaja. Nimefyeka majani kwenye uzio. Nimekula wali. Basi.

Ijumaa, 7 Machi
Amepiga simu wifi Nyamizi, dada yake Marcel mume wangu. Anakaa bondeni huko chini, wanakochota maji kwenye vishimo vya mchangani, mtoni humohumo. Mwanawe Luka anaharisha tangu jana. Nikamwambia achemshe maji. Akauliza tangu lini nimekuwa bwana afya. Nikasema ni mvua hizi tu. Akacheka. Simu ilipokatika nikaenda kuanika sare.

Jumapili, 9 Machi
Luka kalazwa zahanati. Dripu. Na watoto wengine wa kulekule. Kaniambia Euphrasia, nesi wa pale, tulipotoka kanisani — macho yamemtumbukia ndani, kasema. Njiani nilijaribu kulia. Machozi hayakuja. Marcel yuko Mwakitolyo kwenye mashimo ya dhahabu, hapatikani. Hata angepatikana, ningemwambia nini?

Jumatatu, 10 Machi
Keshokutwa wanakuja watu wa mkoa kuangalia maji. Sostenes kanikabidhi chupa za sampuli. Nichote upande wa juu, majitaka yasikofika, halafu niandike ni maji ya chini. Hakufoka. Alisema kwa upole kabisa, "Mama Blessing, sote tuna watoto wanaosoma."

Nikasema sawa. Mdomo wenyewe ulisema.

Jumanne, 11 Machi
Nimechukua boda hadi kwa Nyamizi. Alikuwa amerudi kutoka zahanati kutafuta kanga safi na kuchota maji. Hata kumsalimu sikumsalimu vizuri. Nilimwambia yote palepale mlangoni: tuta limekatika, majitaka yanakuja kwao tangu Jumatatu ile, na siku aliyonipigia nilikuwa najua.

Nikangoja anitukane. Ningefurahi anitukane.

"Tunajua," akasema. "Yananuka, wifi. Sasa ulitaka tuchote wapi?"

Akauliza kama nimepita kumwona Luka. Nikasema bado. Hapo ndipo aliponitazama, kwa muda mrefu, kisha akabeba ndoo yake akatangulia. Nikamfuata na mkoba wa chupa.

Sasa amepiga magoti kwenye kishimo, anateka kidogo kidogo kwa kikombe ili matope yasipande. Mimi nimekaa mchangani, naandika hapahapa. Nimemuomba kikombe chake, nimejaza chupa moja kutoka kishimo hichohicho, nimeandika juu yake mahali nilipochota. Jina la mahali la kweli. Zimebaki tupu mbili.

Simu inaita — Sostenes. Imekatika. Inaita tena.

Nyamizi hajageuka. Amesema tu, "Pokea."