Bibi Harusi Aliyekatwa Pichani

Jumatatu, 24 Novemba 2025

Siku ya 36 bila daraja Kimisagara, hapa Kigali. Ninajua kwa sababu Donatille, mama yake Belyse, anahesabu. Kila asubuhi, kabla ya kufungua kibanda chake cha kushona, anapiga picha pale mvua ilipochukua magogo ya daraja juu ya mfereji. Anaandika namba ya siku, anaitaja ofisi ya seli, yaani serikali ya mtaa, anaituma mtandaoni. Basi. Hakuna tusi, hakuna kelele. Watoto wanazunguka nusu saa kwenda shule.

Picha ya juzi Jumamosi ndiyo bora! Msafara wa harusi unazunguka matopeni — wanawake na vikapu kichwani, katikati bibi harusi, shela kalikunja hadi magotini, viatu mkononi. “Siku ya 34. Hata bibi harusi anazunguka.” Nilicheka peke yangu ofisini.

Nikampelekea mhariri wangu, Shyaka. Akauliza ofisi imesema nini. Haijasema kitu. Basi, kasema, hakuna habari.

Jumatano, 26 Novemba

Mungu wangu! Akaunti moja ya ng'ambo, isiyo na jina, imechukua ile picha na kumkata bibi harusi. Wamebaki wanawake, vikapu na nyuso zilizokunjamana kwa jua. Maneno juu yake: “Wanawake wa Kigali waandamana.” Kufikia saa sita mchana, watu laki mbili wameshaiona!

Shyaka alikuja mbio mezani kwangu. Sasa ni habari! Niandike haraka, picha hiyohiyo, na neno maandamano likae kwenye kichwa.

Nilichukua moto, pikipiki ya abiria, nikashuka Kimisagara. Donatille kaitwa seli kesho saa tatu. Gitifu, yule mkuu wa seli, anataka kujua nani aliruhusu maandamano. Donatille anaogopa watamfungia kibanda.

“Miye nilidai daraja, sha, dada yangu. Sikudai haya.”

Hakuwa akicheka, na Donatille hucheka hata akijichoma sindano.

Niandike na hili, maana hapa hakuna anayenisoma. Nikiwa juu ya pikipiki nililitaka lile neno la maandamano. Jina langu chini yake, macho laki mbili. Nililitaka mpaka njia panda. Aibu tupu.

Nikamwuliza kama picha nzima bado iko.

“Iko! Nifute harusi ya mtu?”

Alhamisi, 27 Novemba

Nilimwonyesha Shyaka picha zote mbili, moja kando ya nyingine. Safari hii akamwona bibi harusi na viatu vyake mkononi, akacheka mpaka akashika ukuta. Saa moja asubuhi tukazituma pamoja. Kichwa nilikiandika mimi: “Hawakuandamana, walikuwa harusini. Na daraja bado halipo.”

Donatille kapiga simu saa nne, anapiga kelele kama yuko uwanjani. Kumbe Gitifu alikuwa ameshaiona habari yetu kabla yeye hajakaa kwenye kiti! Tena alikuwa anasoma majibu. Watu wa Goma, Bujumbura, hata kwetu Karagwe nilikokulia, wanatuma maharusi wao kwenye matope. Gitifu alijaribu kukaza uso, akashindwa.

“Akaniuliza, ‘Mama Belyse, kweli imefika siku ya thelathini na tisa?’ Nikamwambia hesabu weye, vidole viko.”

Kibanda kimepona! Lakini daraja, hapana. Umuganda wa Jumamosi hii, ile kazi ya jamii ya kila mwezi, kama ule wa mwezi uliopita, ni kufyeka nyasi kando ya barabara. Kwenye mpango daraja halimo, na Gitifu hana ruhusa ya kuubadilisha.

Ijumaa, 28 Novemba

Donatille kauliza kama nina viatu vya matope. Hakueleza zaidi.

Jumamosi, 29 Novemba

Naandika nimekaa juu ya jiwe, mfereji uko mbele yangu. Lazima niandike sasa hivi!

Barabarani hakuna mtu hata mmoja. Mtaa mzima umekuja na majembe huku, na magogo mawili mapya ya mikaratusi. Ni umuganda, na nani ataadhibiwa kwa kwenda umuganda? Donatille amefunga simu yake kwenye mti, anarusha moja kwa moja. Watu elfu nne wanatazama. Gogo la kwanza limeshalala mahali pake! Akina mama wanaimba.

Gitifu kafika. Buti safi, karatasi ya mpango mkononi. Nyimbo zikakatika.

“Karibu, Gitifu,” Donatille kasema. “Tumepotea njia?”

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Akamwambia azime simu.

“Nikizima sasa, watasema nimekamatwa.”

Gitifu akaisogelea simu. Akajitazama mle ndani, mdogo, na karatasi yake. Nadhani aliwaona wote elfu nne.

“Basi usizime.”

Vigelegele! Karatasi kaikunja, kaitia mfukoni, kaingia matopeni na buti zile. Sasa wananyanyua gogo la pili, zito kuliko la kwanza. Upande wake uko na watu watano, haupandi. Anatafuta wa sita. Ananiona na daftari langu.

“Weye dada wa habari! Umekuja kuandika ao kubeba?”

Shyaka ameshaniambia mara ngapi, mwandishi asionekane kwenye picha. Wote wamegeuka. Na simu nayo inanitazama mimi, kalamu mkononi, na gogo linaanza kuwateleza — naweka daftari