Wimbo wa Kufunga Tumbaku

Litapunga, Nsimbo,
Katavi.
9 Juni 2025

Mpendwa mpwa wangu Didace,

Hujambo huko Dar? Kile kifua kimepona? Kunywa maji ya moto, acha soda. Mimi mjomba wako niko kama trekta, juzi nimelima ekari mbili kabla ya chai. Jirani yangu Gaspar anasema ni nusu ekari, lakini huyo macho yamekwisha.

Mahindi tumeshavuna. Mama yako magoti yanamsumbua, ila mdomo wake haujaugua hata siku moja.

Sasa wimbo wako tumeusikia. Mpanda mjini kila duka ni huo huo, "Sabrina, usiharakishe, jua bado lipo." Watu wazima wanafumba macho wanakumbuka ujana. Mimi nilikaa chini.

Si ndo ule uliourekodi kwa simu hapa kwangu, kwenye msiba wa mke wangu, nilipokuwa naimba, "Goreth, usiharakishe"? Ulinishika bega ukasema, "Mjomba, imba tena." Nikadhani unanifariji, kumbe unavuna. Huyo Sabrina amewahi kushika tumbaku?

Na redioni ukasema pale wimbo unaponyamaza ndo Sabrina alipokuacha. Muongo wewe, umenizidi hata mimi. Pale ni pa kukaza fundo. Tulikuwa tunafunga majani ya tumbaku kwenye fito, unaimba, unaimba, halafu unavuta kamba kwa meno. Utaimbaje na kamba mdomoni?

Nikasema sokoni Magamba kwamba wimbo ni wangu. Wakacheka. Gaspar akasema, "Sawa Ladislas, na yule simba uliyemkaba shingo?" Imeniuma, Didace. Mtoto niliyembeba mabegani ndo kanifanya kichekesho.

Sasa nikwambie nisilomwambia mtu. Hata mimi sikuutunga. Aliutunga Goreth, ananitania kwa sababu mafundo yangu ya haraka yalikuwa yanafunguka. "Ladislas, usiharakishe," ndo alivyoimba. Mimi nikatoa jina langu nikaweka lake, nikajisifu miaka arobaini kwamba nimemtungia. Ananiangalia tu, anaendelea kufunga.

Kwa hiyo jina langu sitaki. Rudi redioni useme wimbo ni wa Goreth wa Litapunga. Mimi nikisema hawaniamini. Wewe watakuamini.

Nisalimie mkeo Joséline na shemeji yako Venant. Mama yako na mdogo wako Rosine wanawasalimu. Mungu akulinde, akuongezee na haya kidogo.

Mjomba wako, nakupenda hata leo,
Ladislas