Miguu ya Jogoo

Jumapili

Hata kuku, jamani! Mama mkwe alitoka Malinya na jogoo wa kumkaribisha binti yangu Neema nyumbani, baada ya upasuaji mwingine wa mgongo. Alikuwa amemfunga miguu kwa kipande cha blada, ule mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli. Neema akamfungua, akajipangusa macho. Uso ukafura, pumzi ikakwama, tukakimbia hospitali.

Amelala sasa.

Mzio wa mpira tu. Glavu za mpira za madaktari, upasuaji baada ya upasuaji, ndizo zilizoufanya mwili wake uuchukie, na bado lazima apasuliwe tena.

Mama mkwe analia: "Mimi nilimletea mtoto kuku."

Nilimwuliza daktari kama safari ijayo watapata glavu zisizo za mpira.

"Tutajaribu, mama."

Mimi pia nilijaribu. Niliondoa nyumbani kila cha mpira: slipa, baluni, hata lastiki za nywele. Miguu ya jogoo sikuiwaza.